Nyuzi Tisini na Moja

Nilikununua Luthuli, ghorofa ya pili,
ubavuni ungali na kibandiko cha benki:
MALI YA TAWI, NAMBA 0417.
Miaka sita ulihesabu fedha za wengine
kabla ya kuja kwangu Kariobangi Kusini
kuhesabu machozi.

Maana kazi yangu ni hiyo: nahariri mazishi.
Watu hunipigia simu jeneza likiwa bado kwa seremala.
Wanataka saa tano za hotuba ziwe dakika arobaini,
shemeji aliyekimbia na michango asionekane,
na sura ya marehemu ijitokeze polepole katika mwanga.

Na wewe, prosesa wangu wa viini vinne,
siku hizi ukiona mwanga unashikwa na pumu.
Asilimia tatu. Kimya. Asilimia tatu.
Naenda kununua makaa, narudi: nne.

Nikakubeba hadi kwa Musembi.
Alikufungua, akapuliza vumbi,
akatoa maiti ya mende mmoja,
akacheka bila kunikejeli.
"Bwana Ombati, ubongo mpya hauingii fuvu la zamani.
Ukibadilisha prosesa, utabadilisha bodi.
Ukibadilisha bodi, memori nazo zitagoma,
na hii pawa yako haitakubali kuachwa nyuma.
Elfu hamsini na nane, na hapo nimekuonea huruma."
Mfukoni nilikuwa na elfu sita na ufunguo wa nyumba.
"Au," akashusha sauti kama muuza dawa za nguvu,
"tuuchape kiboko kidogo huu huu."

Usiku ule, saa sita, umeme ulipotulia,
niliingia katika ile skrini yako ya bluu
ambayo watu wazima huambiwa wasiiguse.
Thelathini na nne, thelathini na saba, arobaini.
Volti nikaziongeza kama mtu anayetia chumvi gizani.
Ukawaka. Nikajipiga paja.
Arobaini na mbili: ukazima bila kuaga.
Arobaini na moja: ukasimama, miguu ikitetemeka.

Baridi ya Julai ilikuwa upande wetu.
Nilikuvua ubavu mmoja, nikakuweka dirishani,
ukavuta hewa ya Kariobangi
pamoja na moshi wake na samaki wa jirani.
Nyuzi sabini na nane. Themanini na tano.
Mazishi ya Mama Respah yakaanza kusonga,
wanakwaya wakaacha kukwama na midomo wazi.

Saa kumi na moja Kerubo akaingia,
ametoka zamu ya pili mfululizo, wodi ya wazazi,
viatu mkononi.
Wauguzi wawili waliacha kazi tangu Machi.
Hawakuajiri wengine, walimwongezea yeye saa.
Akakutazama ulivyo uchi dirishani, feni ikilia.
"Huyu naye ana nini?"
"Nimemwongezea kasi. Kuleta mpya ni ghali."
Alicheka kicheko ambacho sikukipenda.
"Hata mimi niliambiwa hivyo."
Akalala na sare yake.

Nyuzi tisini na moja. Asilimia tisini na sita.
Kamba hukatikia pabovu, nami nilipajua pabovu,
kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Sitakudanganya: sikukuzima.
Familia ilikuwa inangoja, na salio lao ndilo kodi yangu.
Nilisimama nikikupepea kwa kifuniko cha sufuria,
mtu mzima, na blanketi mabegani,
mpaka mia ikatimia.

Ndipo nikarudi kwenye ile bluu,
nikakushusha hatua kwa hatua
hadi thelathini na nne, kasi uliyozaliwa nayo.
Katika kopo la majani chai nimetia elfu mbili.
Bado hamsini na sita.

Nilipokugusa ulikuwa ungali moto.
Nikaenda kumvua Kerubo soksi.
Nyayo zake nazo.