Huu Tu, Basi

Wa kwanza niliununua Debrecen, kwa fundi Gellért:
pembe ya ng'ombe wa kijivu, kano, gundi ya samaki.
Nikamwambia Piroska: huu tu, basi.
Alicheka, mwiko ukiwa ndani ya supu.

Wa pili ulikuja kuuondolea wa kwanza upweke.
Wa tatu ulikuwa bei ya kutupa.
Wa nne sikumbuki; labda ulijileta.
Haba na haba, na ukuta si kibaba.

Kabati la makoti tumelitoa ukumbini.
Bomba la joto sebuleni nimelifunga tangu Novemba,
maana joto hupasua pembe.
Sisi tunalala na soksi.

Wala siwindi. Bega hili
daktari amelikataza kuvuta kitu kizito kuliko mlango.
Usiku naupakata mmoja, haujatiwa kamba,
umejikunja kinyume
kama mbwa aliyeshiba.

Jana imefika barua ya Kaposvár: mjane anauza
upinde wa mumewe, kano zimelegea,
mshikio umekunywa jasho lake miaka thelathini.
Piroska aliisoma kabla yangu.
Hakusema kitu. Alipanda kitandani na viatu vyake,
akapima kwa shubiri
nafasi iliyobaki juu ya mito.