Karani wa Mizani

Kibosho, na mvua ya vuli imechelewa.

Waheshimiwa,
mnaniita mhafidhina, neno refu
kwa mtu anayefunga lango lake usiku.

Miaka thelathini na mmoja nilisimama nyuma ya mizani
ya chama cha msingi, penseli sikioni,
nikiwapimia kahawa watu wanaolijua gunia lao
kama mama ajuavyo uzito wa mwanawe mgongoni.
Jiwe la kilo tano lilikuwa kilo tano
kwa katekista, kwa mlevi, kwa mjane wa Umbwe.
Siasa yangu ni hiyo, sina nyingine.

Mkaja na bendera za rangi ya ndimu.
Waziri akapanda jukwaani, uwanja wa Mashujaa,
mikono ya shati kaikunja kama mtu atakayelima.
Soko huru, akasema, ardhi huru, mtu huru.
Ardhi iliyolala, akasema, ni mtaji uliokufa.
Tukapiga makofi. Nami nilipiga, sikatai;
kofia zilikuwa za bure.

Lakini nikipanda kurudi, kiatu kinaniuma, nikajiuliza:
iliyolala ipi? Kihambani kwetu
aliyelala ni babu, chini ya mgomba wa mshare,
na hatujawahi kumwita mtaji.

Sheria ikapita usiku, wabunge wakipiga miayo.
Ndelilio, jirani yangu, akaweka kihamba rehani
anunue mashine ya kukoboa. Bei ya kahawa ikaanguka.
Benki haikugombana naye: ilituma kijana mwenye tai
aliyesema "pole sana mzee" mara nne.
Leo pale pana nyumba ya wageni, ina bwawa la kuogelea,
na kaburi la mama yake ni maegesho ya magari mawili.
Masale ya mpakani yaling'olewa kwa trekta asubuhi moja.
Isale, waheshimiwa!
Jani ambalo mtu akikuletea mkononi, hata kama kaua,
unaketi naye, unamsikiliza.
Waliyatupa barabarani. Hata mbuzi hawakuyagusa.

Kisha ikaja habari ya mizani.
Zetu, mlisema, zina kutu, zinawaibia wakulima.
Mkaagiza za umeme, mia tisa, kwa bei
ambayo ungenunua hizo mia tisa na malori ya kuzibeba
na madereva wote ukawalipia mahari.
Zilifika arobaini na mbili.
Ya kwetu, ikiwa tupu, husoma kilo mbili chini ya sifuri:
hata hewa imeshakatwa kodi.
Tume ikaundwa. Tume ikalala hotelini Arusha siku sitini.
Waziri akajiuzulu kwa sababu za afya,
na afya ikamrudia alipofika ubalozini.

Mtasema zamani nako waliiba. Kweli.
Mwaka wa chulebuni, buni ikiozea mtini,
ada ya mwanangu haijalipwa,
nililiinua gunia la mjane wa Umbwe kwa goti, kidogo tu.
Kilo tatu.
Miezi miwili sikuweza kumtazama.
Nikachuma isale, nikaenda kwake kwa miguu,
nikamrudishia tatu na mbili juu yake,
akanipa maji ya kunywa, hakusema neno.
Sijasikia jani lililochumwa wizarani.

Lipo jambo limenikaa kooni, nalo niliseme.
Kifungu kile cha binti kurithi nilikipinga mkutanoni,
nikagonga meza mpaka bilauri ikaanguka.
Wanangu wa kiume, mmoja Dodoma, mmoja Mwanza,
hupiga simu kuuliza ekari sasa inakwenda kwa ngapi.
Aikande ndiye anayepalilia.
Juzi nimemkuta mpakani, magoti yana udongo,
anapanda masale upya, mche baada ya mche,
wala hakuja kuniuliza.

Basi kifungu hicho kiacheni.
Sikisifu. Nimeandika tu: kiacheni.
Mengine yote yaleteni hapa niyapime.