Nafasi

Likizo, ndivyo sheria inavyoiita.
Likizo ya beseni na taulo la moto,
ya kugeuza mwili wa mama kila baada ya saa mbili
usiku wa Toledo, theluji ikigonga dirisha
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Wiki kumi na mbili, bila mshahara,
na kazi itakungoja: ndivyo ilivyosema
karatasi aliyoisaini Lorette Pawlak
kwenye kaunta ya kiwanda,
vumbi la kioo likimeta kwenye nyusi zake.

Siku themanini na nne.
Kiharusi hakikuisoma sheria.
Siku ya themanini na tano mama
alijifunza upya neno moja, "maji,"
na siku ya themanini na sita barua ikaja:
Tunasikitika. Nafasi yako imejazwa.

Akaomba mafao ya wasio na kazi.
Uliacha, au uliachishwa?
Akakaa na kalamu mpaka chai ikapoa.
Kisha: Wiki hii, ungeitwa kazini, ungekwenda?

Kaka yake Emil akamwambia, "Weka ndiyo.
Nani atakuja kuhesabu nepi?"
Lakini Lorette ni wa kurudi dukani
chenji ikizidi senti kumi.
Akaandika hapana.
Wiki iliyofuata, hapana.
Na kila hapana ilirudi ndani ya bahasha nyembamba:
Hustahili malipo ya wiki hii
kwa kuwa huna nafasi ya kufanya kazi.

Nafasi imejazwa. Nafasi hana.
Neno moja, linamfukuza kwa milango miwili.

Mwezi wa tatu simu ikalia.
Bwana Okerlund wa ofisi ya madai,
mpole, mwenye mafua.
"Naona umebadilisha jibu.
Sasa una nafasi?"
"Ninayo."
"Tangu lini? Nahitaji tarehe kamili."

Akatazama kitanda cha kukodi
ambacho wenyewe hawajakifuata,
shuka limekunjwa pembe kwa pembe,
glasi ya maji, nusu.

"Jumatano. Tarehe tisa.
Saa kumi na moja alfajiri."

Upande wa pili vidole vilisita.
"Saa haihitajiki, mama,"
alisema Bwana Okerlund,
halafu, polepole, akaiandika.