Kitambaa cha Ndani ya Mshono

Fundi Shajahani wa Mabela hakati kitambaa.
Kanzu zangu sita alizipunguza mwaka juzi,
kilo ishirini na mbili zilipokwisha kuniaga,
na upana wa zamani wa kila moja akaukunja,
akauficha ndani ya mshono, kama barua.
"Mbona hukati?"
Akatoa pini mdomoni, akacheka kwa heshima:
"Bwana, wengi hurudi."

Siku mia moja nilikula kwa amri ya daktari:
yai la kuchemsha, tango, supu isiyo na jina,
samaki asiyewahi kukutana na mafuta.
Nilikuwa shujaa. Zuwena alifunga mlango wa jiko
akikaanga vitunguu, wajukuu walinipigia makofi
juu ya mizani, na mie, bila haya,
nikavua hata saa ya mkono.

Washairi huhesabu mizani kwa vidole.
Mie naipanda kwa miguu, alfajiri, kabla ya maji,
na siku hizi kila ubeti wangu umezidi.

Kupungua kuna ngoma zake. Kubaki hakuna.
Nani ampigie makofi mtu
kwa kuwa jana na leo ni yuleyule?
Dada yangu Thuwaiba alinikazia macho msibani, Barka:
"Umekwisha, Hilali. Una nini, sukari?"
Kwetu unene ulikuwa salamu:
umenawiri, nchi imekukubali.
Mama alishuka hapa mwaka wa sabini na mbili
na sanduku moja na watoto watano,
akatulisha kana kwamba kila chungu ni cha mwisho.
Nilijua kushiba kabla sijajua Kiarabu.

Halafu Idi, Nizwa, kwa wakwe.
Shuwa imetolewa shimoni, moshi ungali kwenye majani,
sinia moja, watu saba, hakuna sahani ya mtu.
Mkwe wangu ananyofoa mnofu, anaurusha upande wangu.
Kijiko nitakikataa. Mkono nitaukataaje?

Lakini nisimsingizie mkwe.
Yeye hayupo saa nane ya usiku, Mawaleh,
kiyoyozi kinaunguruma, nami nimesimama pekupeku
mbele ya mwanga wa friji.
Njaa naijua. Njaa ina adabu, hubisha hodi tumboni.
Huyu mwingine huingilia kichwani
na hajui kuondoka.
Bakuli la halwa ya wageni: kijiko cha kuonja,
kijiko cha kusawazisha pale nilipochimba,
kijiko cha kuficha kwamba nimesawazisha,
mpaka zafarani imeshika chini
na mie nakwangua, polepole, Zuwena asisikie.
Wahenga walisema shibe mwana malevya.
Mie nalewa kwanza. Shibe hunikuta nimelala.

Asubuhi bakuli limeoshwa. Sikuliosha mie.
Zuwena kaniwekea yai moja na tango,
hakusema neno, kalimenya vizuri.

Kilo nne na robo.
Leo nimekwenda Mabela na kanzu ya kijivu,
ile inayonibana nikikaa kwenye gari.
Shajahani hakusema "nilikwambia".
Alipitisha kidole ndani ya mshono,
akakikuta kitambaa chake kinamsubiri.
"Nifumue chote?"

Nje joto la Juni limelalia maboneti.
Nimefikiri jibu la shujaa: usifumue kitu, nitarudi mwembamba.
Nimefikiri jibu la saa nane ya usiku: fumua, yamekwisha.
"Nusu kidole," nimesema. "Kilichobaki kiache palepale."

Mkasi mdogo, nyuzi zikakatika moja moja.
Kitambaa kilichotoka kilikuwa kijivu cha siku ya kwanza,
hakijaona jua wala sabuni,
mstari mwembamba kutoka kwapani hadi pindoni,
atakayetazama atauona.

Nikalipa baisa mia tano,
nikaivaa, nikatoka nayo.