Sogeeni Kidogo

Desemba ishirini na saba, saa moja asubuhi,
kabla jua halijaanza kukunja watu nyuso,
walishuka kutoka Uru kwa magari mawili,
na vumbi la gari la mbele
lilikuwa limelala kwenye kioo cha la nyuma.

Watu kumi na wanne, na kiti kimoja,
cha plastiki, chekundu, cha matangazo ya soda.
Tulikibeba hadi penye uwazi, ndani ya msitu wa Rau,
pale mwanga unapopita kwenye majani
kama unga kwenye chekeche.

Ardhi ya msitu ule ina maji chini kwa chini.
Bibi Ndeonansia alipoketi, kiti kikaanza kuzama,
mguu wa kushoto kwanza.
Tukauwekea jiwe. Bado akawa ameinama kidogo
upande wa Ombeni, mwanawe mdogo,
na Anaeli, mkubwa, akaliona hilo.

Kitenge kilikuwa kimoja, cha Mbuyuni,
bluu yenye mikia ya tausi.
Magauni, mashati, hadi kilemba cha mtoto.
Anaeli peke yake alivaa shati jeupe.
"Fundi hakuwahi kumaliza," alisema mkewe,
akivitazama viatu vyake mwenyewe.

Mimi kazi yangu ni kutazama kingo.
Sogeeni, nikasema. Sogeeni kidogo.
Ombeni akasogea nusu unyayo.
Anaeli akarekebisha ukosi.
Kati yao niliuona msitu wote:
shina la mvule, tundu la mwanga,
hatua tatu.

Shangazi yao, aliyenishikia lile bati la kuakisi,
akaniinamia sikioni: ndizo hizo hizo.
Masale ya mpaka wa kihamba yalihama usiku mmoja,
hatua tatu, kuelekea migomba,
na hadi leo hakuna aliyekiri kuyang'oa.
Nami nimekuja na kamera yangu ya mkopo,
tangu asubuhi nawaimbia neno hilo hilo:
sogea, sogea.

Nikafunga mdomo. Nikawa naelekeza kwa mkono.
Picha ya nne, Bibi kafumba macho.
Ya kumi na moja, meno tu.
Ya kumi na tisa nikaliziba pengo kwa watoto,
kama mtu anayeziba ua kwa miiba.

Ndipo matawi yakavuma.
Mbega wawili, mashuka meupe yakining'inia mgongoni,
wakaruka juu yetu,
na kuyu bivu likashuka, pwaa,
kwenye bega la lile shati jeupe.

"Baba mkubwa kanyewa!"
Aneth huyo, miaka minne, binti wa Ombeni.

Kimya.
Nilisikia maji yakipita kwenye mizizi.

Kisha Bibi akacheka, akacheka mwili mzima,
jiwe likateleza, kiti kikaenda,
na wale wawili wakamdaka,
huyu kwapa hili, huyu kwapa lile,
paji likagonga paji.
Kidole changu kilibonyeza chenyewe.

Kwa ukutani walichagua ya kumi na tisa,
kubwa, yenye fremu ya dhahabu.
Wamesimama humo kama nguzo za umeme.
Ile nyingine sikuwaonyesha:
imetikisika, nusu ya watu wanatazama juu,
shangazi hana kichwa.

Mwisho wa Januari Bibi alikuja dukani peke yake,
kitabu cha nyimbo kwapani.
"Ile niliyoanguka," akasema.
"Usiniambie huna. Nilisikia inalia."
Akakifungua kitabu, akapima kwa kidole:
iwe ndogo, ienee hapa, isichungulie nje.

Nilikataa pesa. Akaiweka juu ya kaunta,
akaibandika mkono mpaka nikaichukua.
Akaisogeza picha karibu na macho, akakaa nayo.

"Hili doa," akasema, "limegoma kutoka.
Wamelifua kwa ndimu, kwa majivu, kwa kila kitu."
Akafunga kitabu.
"Na Jumapili kalivaa tena."