Fundo la Kushoto

Porto, mwaka ule mfalme alipopigwa risasi Lisboni,
magazeti hayakuwa na nafasi ya madobi.
Deolinda alipata mistari minne, chini ya tangazo la sabuni.
Herminia, miwili.
Yule wa tatu, aliyeopolewa mtoni karibu na daraja la chuma,
mimi ndiye niliyemwandika: *mwanamke, umri kama thelathini, viatu hana*,
kwa hati ile ile nzuri iliyonipatia kazi.

Nilikuwa karani wa Inspekta Quintela.
Yeye aliuliza, mimi niliandika.
Aliwauliza mabaharia, akamuuliza mchinjaji,
akamweka ndani Mgalisia mnoa visu siku kumi na moja
kwa kuwa alikuwa na visu.
Wote watatu walinyongwa kwa kamba ya kuanikia nguo.
Nililiandika hilo pia.

Kisha lile shuka.
Herminia alikutwa ndani yake, pembe zimefungwa mafundo
kama mzigo wa kupelekewa mteja.
Likakaa kabatini wiki tatu. Likaanza kunuka.
Inspekta akasema, "Niondolee uvundo huu."
Nikamwita Zulmira, aliyetufulia kola,
nikampa sarafu tatu.

Alilirudisha Jumamosi, jeupe, limepigwa pasi,
bado lina joto.
Akasimama mlangoni, vidole vimechanika kwa magadi.
"Pembe moja fundo lilikuwa bado," akasema.
"Limenihangaisha. Sisi hatufungi hivyo.
Aliyelifunga anatumia mkono wa kushoto."

Siri ya shuka aijuaye dobi.
Lakini Zulmira hakuwa shahidi, hakuwa ameapishwa,
na kalamu yangu nilikwisha kuifuta wino.
Nikamwambia asante.
Nikafunga kabati.

Baada ya Pasaka hakufa mwingine.
Inspekta alipandishwa cheo kwa sababu hiyo.
Mnoa visu alirudi kwao kwa miguu, kikohozi kikimtangulia.
Juu ya jalada pameandikwa LIMEAHIRISHWA,
neno nililolichora mimi, kwa wino mwekundu, herufi zimenyooka.

Ni miaka arobaini sasa.
Watu husema, mzee huyu mnyenyekevu:
kwenye tramu, kanisani, kwenye foleni ya samaki wa chumvi,
siku zote kichwa chini.

Natazama viatu.
Nangoja mtu ainame
afunge kamba.