Kabla ya Hatua ya Kwanza

Usiingilie juu.
Juu ni pale alipo Ofwono na kodiani yake,
jukwaani, ukumbi wa zamani wa reli, Tororo,
na wa kwanza ni wa kwanza kwa kuwahi, si kwa cheo:
mhasibu wa kiwanda, vumbi la saruji bado nyusini,
leo yuko nyuma ya msichana anayemuuzia chapati.

Wanaume, bega la kushoto lielekee muziki.
Wanawake, tuwakabili. Machoni, asema Nyafwono,
si viatuni. Viatu vinajua njia.
Ukiombwa mkono, usichungulie nyuma ya mwombaji
kutafuta aliye bora. Unakubali,
au unakaa kitini wimbo mzima.

Tunahesabiwa kwa jozi kuelekea ukuta wa nyuma:
moja, mbili, tatu,
na mimi. Nusu.
Mwenzangu amehamia Mbale na kazi yake mpya.
Mbele yangu pamebaki ubao
na msumari aliousugua yeye kwa miaka mitatu.

Nyafwono anainua kidole.
Ndiyo desturi: hatutaji jina, hatubembelezi,
kidole tu, kama anayepima upepo.
Mtu mmoja. Anahitajika mtu mmoja.

Dirishani, Emojong, mlinzi,
ambaye mwaka mzima amelinda kioo kwa paji la uso.
Analaza rungu kizingitini pa mlango wa jukwaani.
Anavua gambuti, moja, halafu ya pili
(soksi ina tundu), na hakati katikati ya safu,
nani alimfundisha?
anapita nje, nyuma ya migongo yetu yote,
anashuka mpaka chini kabisa
na kusimama juu ya msumari.

Ofwono anavuta kodiani: sauti moja ndefu,
si wimbo bado, ni hodi.
Wenzangu wanainama kidogo, kama tulivyofunzwa.
Magoti yangu yanajisahau, yanafuata ya mama,
yanagusa sakafu, kana kwamba nampa mgeni maji.
Mtu anacheka huko juu. Siharakishi kuinuka.
Emojong naye ameinama mpaka nauona utosi wake.

Jozi ya kwanza wameondoka. Sisi wa nne
kazi yetu ya mwanzo ni kusimama vizuri,
mikono ubavuni, zamu ituteremkie.

"Unajua kuhesabu?" namnong'oneza.
"Mpaka nane," anasema.
"Baada ya hapo huwa mnarudia."